Namna ya Kumsoma Adui wa Filamu kwa Vazi na Sauti Yake: Mfano wa Darth Vader

Mtazamaji humtambua adui wa filamu ndani ya sekunde chache, lakini akiulizwa amemtambuaje, mara nyingi hujibu kwamba "anatisha tu". Mwongozo huu ni wa yule anayetaka kuvuka jibu hilo, awe mwanafunzi anayeandika uchambuzi au fundi anayeandaa maleba ya filamu yake mwenyewe. Nimemchagua Darth Vader, adui mkuu wa Star Wars, mfululizo wa filamu za vita vya angani, kwa sababu mfululizo huo unamrudisha mara kwa mara ndani ya vazi lilelile, huku toni, yaani hisia inayolizunguka onyesho, ikibadilika. Hali hiyo inamwezesha mchambuzi kutenganisha kazi ya vazi na kazi ya toni.

Anza na filamu tatu za kwanza kwa mpangilio wa kutolewa kwake, yaani ya 1977, ya 1980 na ya 1983. Zile zilizokuja baadaye kueleza ujana wake ziache kwanza, kwa kuwa zitakupa huruma kabla hujapata woga. Tafuta pia nakala yenye sauti asilia. Filamu iliyotafsiriwa na DJ ina utamu wake, nami nimekulia humo, ila sauti ya msimulizi huketi juu ya pumzi na muziki, na hapa tunavihitaji vyote viwili.

Chukua onyesho la kuingia kwake katika filamu ya 1977 na ulitazame mara tatu: kwanza bila sauti, kisha ukiwa umeipa skrini mgongo na kusikiliza tu, halafu kwa pamoja. Katika kila awamu andika kilichopo mbele yako, wala usiandike bado unavyojisikia.

Bila sauti utaona ukumbi mweupe wa chombo cha angani, mlango uliolipuliwa, moshi, na askari wenye dirii nyeupe wakiwaruka waliouawa. Kisha katika moshi huo anatokea mtu mrefu mweusi tangu chapeo hadi buti, joho likiburuzika nyuma yake. Hakimbii wala hainui silaha. Anasimama, anaitazama miili iliyolala sakafuni kama mwenye shamba anayekagua mavuno, kisha anaendelea na safari yake. Muda mfupi baadaye anamkaba ofisa mmoja kwa mkono mmoja, na kamera inatuonyesha miguu ya ofisa yule ikining'inia hewani.

Hapa wachambuzi wengi huandika kwamba weusi ni uovu, wakafunga daftari. Usifanye hivyo. Msomaji wa Lamu au Zanzibar, aliyelelewa na wanawake wa buibui, anajua kwamba weusi peke yake hausemi ubaya. Tena askari wa upande wake Vader wamevaa nyeupe, na wao ndio waliotangulia kuua. Kinachofanya kazi ni tofauti: ukumbi mweupe na askari weupe vimeandaliwa ili mtu mmoja aonekane kama shimo lililotobolewa katika picha. Kwa hiyo, kanuni ya kwanza ni kulisoma vazi pamoja na ukuta ulio nyuma yake na watu walio kando yake.

Baada ya hapo lichambue vazi kipande kwa kipande, na kila kipande kiulize kimetoka wapi na kinamzuia mvaaji kufanya nini. Chapeo iliyopanuka shingoni inamkumbusha mtazamaji samurai wa Japani na pia askari wa Ujerumani wa vita vya pili vya dunia. Joho ni la kitawa. Barakoa ilizaliwa na haja ya kawaida kabisa: mchoraji Ralph McQuarrie alifahamu kwamba mhusika huyu angevuka anga kutoka chombo hadi chombo, akaona kwamba angehitaji kitu cha kupumulia. John Mollo, mbunifu wa mavazi wa filamu hiyo, alikuwa mtaalamu wa sare za kijeshi, na ndiyo maana maofisa wanaomzunguka Vader wanaonekana kama watu wa jeshi la kweli, wenye sare za kijivu zilizokatwa vizuri na vibao vya vyeo kifuani. Vader hana kibao cha cheo. Kifuani pake pana kisanduku chenye vitufe na taa ndogo, kitu ambacho ungetarajia kukikuta kando ya kitanda cha mgonjwa. Mimi nakihesabu hicho kuwa kipande bora kuliko vyote, maana kinatudokeza mapema kwamba dirii hii inamlinda mtu asiyeweza kuishi bila hiyo.

Sasa geukia sauti. Mwili ni wa David Prowse, lakini maneno tunayoyasikia ni ya James Earl Jones, na pumzi ilitengenezwa na mbunifu wa sauti Ben Burtt kwa kurekodi kifaa cha kupumulia cha wazamiaji. Weka saa mbele yako uhesabu mwendo wa pumzi hiyo katika maonyesho mawili, moja la hasira na moja la utulivu. Utakuta kwamba haiendi mbio anapokasirika, ilhali pumzi za binadamu hupanda na kushuka kwa hisia. Kwa kuwa barakoa imetunyima macho, na pumzi imetunyima moyo, tunabaki kukisia, na kukisia huko ndiko kunakozaa hofu.

Muziki uchunguze kwa kulinganisha filamu. Wimbo wa maandamano ambao watu wengi wanauhusisha na Vader haumo kabisa katika filamu ya 1977. Mtunzi wa muziki John Williams aliuingiza katika ile ya 1980, ambamo Vader si mtu wa kuamriwa tena na mkuu wa kituo cha kivita cha angani kama ilivyokuwa 1977, bali anaongoza msako mwenyewe. Vazi ni karibu lilelile, ila cheo chake machoni petu kimepanda kwa tarumbeta.

Hatua inayofuata ni kuwinda nyufa za vazi, nayo ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote. Katika filamu ya 1980, ofisa anayeleta taarifa anaona kwa sekunde chache kisogo cheupe chenye makovu kabla chapeo haijateremshwa. Katika ile ya 1983, mkono wake unakatwa na nyaya zinaonekana, pumzi inakwaruza, mwishowe barakoa inavuliwa, na wimbo ule wa tarumbeta unarudi taratibu hadi kuishia kwenye kinubi. Sambamba na hilo, fuatilia mavazi ya mwanawe, Luke: nguo nyeupe 1977, nyeusi 1983, pamoja na glavu nyeusi kwenye mkono wake wa kulia wa bandia. Baada ya kumkata baba yake mkono, anautazama mkono wake huo. Hakuna neno linalosemwa, na halihitajiki.

Mwisho, fanya zoezi hili. Weka ukumbi wa 1977 kando ya ukumbi wa mwisho wa Rogue One, filamu nyingine ya Star Wars iliyotolewa 2016. Safari hii ukumbi ni giza. Pumzi inasikika kwanza, kisha upanga wa mwanga mwekundu unawaka na kutuonyesha aliyeushika. Orodhesha kila kilichobaki vilevile katika vazi, kisha kila kilichobadilika katika mwanga, mpangilio wa sauti na mwendo wa kamera, na uandike aya moja ukieleza kwa nini onyesho la kwanza linamtambulisha mtawala, ilhali la pili linamleta kama jinamizi.