Soma Tabaka la Mifupa Kabla Hujaling'oa

Ukikuta visukuku vya mifupa vimerundikana kwenye tabaka moja la mwamba, usianze kuuliza ni mnyama gani. Uliza kwanza kilichoikusanya. Jibu limo katika mashapo, yaani tope na mchanga uliotuama, na katika jinsi kila mfupa ulivyolala, na ukiunyanyua umelifuta. Kibali cha uchimbaji kiwe mkononi tayari.

Gawa eneo kwa kamba, miraba ya mita 1 kwa 1. Kwa kila mfupa mrefu andika mwelekeo wa dira, mwinamo, kina, na upande uliotazama juu. Mifupa mingi ikielekea njia moja, yaelekea mkondo wa maji uliipanga. Mielekeo ya mifupa mitano haithibitishi lolote.

Halafu tazama kilichokosekana. Mwaka 1969 Michael Voorhies, mtaalamu wa visukuku, alichapisha majaribio ya mifupa katika mfereji wa maji: mbavu na pingili za uti wa mgongo zilichukuliwa mapema, mafuvu na mataya yakabaki nyuma. Basi tabaka lenye mataya tu huenda ni mabaki baada ya maji kupita. Hapa ndipo wengi huteleza, kwani fisi na jamaa zake nao hutafuna mbavu na pingili. Kagua alama za meno kabla ya kuyasingizia maji. Mifupa ikiwa bado imeungana kwenye viungo, ndani ya tope laini, mzoga ulifukiwa mapema.

Kuchakaa kunaeleza muda. Anna Behrensmeyer, naye mtaalamu wa visukuku, kwa mizoga ya Amboseli, Kenya, alipanga hatua 0 hadi 5 (1978): 0 haina ufa, 1 ina nyufa zinazofuata urefu wa mfupa, 5 inameguka yenyewe. Hatua zikichanganyika katika tabaka moja, huenda mifupa ilikusanyika kwa miaka mingi. Mvunjiko wa kuzunguka wenye kingo laini ni wa mfupa mbichi. Uliokatika wima na rangi mpya ndani pengine ni wa sururu yako.

Idadi usihesabu kwa vipande. Mifupa 7 ya paja la kushoto ni wanyama wasiopungua 7, hata kama vipande ni 200.

Kwa nini mifupa ilidumu? Madini ya mfupa ni fosfati ya kalisi, na maji yenye asidi huyayeyusha. Maji yenye chokaa hujaza vitundu vyake kalisaiti, madini ya chokaa. Maji mengine huleta silika (madini ya mchanga) au chuma. Dondoshea mwamba, kamwe si mfupa, tone la asidi hidrokloriki ya 10%, ukiwa na miwani na glavu. Mwamba ukitoa povu, una kaboneti, yaani madini ya jamii ya kalisaiti.

Chukua mashapo ya juu, ndani na chini ya tabaka, uyachuje kwa wavu wa milimita 1. Usipochuja, meno ya panya hupotea. Mwisho funika mfupa kwa karatasi iliyolowa kabla ya kuupaka plasta ya jasi ya kuukinga, la sivyo plasta itaugandia. Chora mshale wa kaskazini juu ya plasta kabla ya kuigeuza.