Kuchagua bunduki ndogo ya wanyama waharibifu hapo nyumbani, anza na kitakachokuwa nyuma ya panya

Mtu akichoshwa na panya bandani au sungura wanaomaliza bustani, swali la kwanza anauliza ipi ina nguvu, na mi naona hapo ndo anapoanza kupotea. Nguvu ya kumuua panya hata bunduki ya upepo inayo. Cha kujiuliza ni hivi, risasi ikimkosa, au ikimtoboa ikaendelea, inaishia wapi? Kwa hiyo kabla hujaenda dukani zunguka nyumba yako, simama pale unapowaonaga hao wanyama, angalia nyuma yao kuna nini. Udongo, kichuguu, mteremko, safi. Ukuta wa mawe, tenki la maji, njia ya watu, banda la mabati lenye mbuzi ndani, basi hapo hupigi hata uwe na bunduki gani. Pima na umbali kwa hatua, wengi wakipima kweli wanakuta shabaha zao zote ziko ndani ya mita 40.

Na sheria za kwako uzijue kabla ya kutoa hela. Kuna nchi bunduki ya upepo ni silaha kama zingine, kuna nchi inaachiwa mpaka nguvu fulani, mfano England bunduki ya upepo isiyozidi joule 16 hivi haihitaji cheti, ila Scotland hapo hapo jirani tangu mwisho wa 2016 hata hiyo inataka cheti. Uliza pia wanyama gani wanalindwa, na bundi muache kabisa, yule anakula panya usiku kucha na hakudai risasi.

Tuanze na ya upepo, maana kwa wenye mabanda na majirani karibu ndo jibu mara nyingi tu. Zipo za upana wa risasi 4.5 mm na 5.5 mm. Ya 4.5 inaenda kwa mstari ulionyooka zaidi so ukikosea umbali kidogo bado unapata, ya 5.5 ina kishindo zaidi ikimfikia mnyama, kwa panya yoyote inatosha, kwa sungura ningechukua 5.5 na nisipige zaidi ya mita 30 mpaka niwe na uhakika wa kupata kichwa. Za springi hazitaki vifaa vingine, unakunja mtutu unapiga, ila mtikiso wake unaenda nyuma na mbele, skopu (darubini ya kulengea) isiyotengenezwa kwa ajili yake inaachia ndani kwa ndani, na ukiikamata kwa nguvu inarusha hovyo, inabidi uishike kilegevu. Za kujaza hewa hazina mtikiso na ni rahisi kulenga, gharama yake ni pampu au mtungi.

Ukihitaji kufika mita 50 au zaidi, unaingia kwenye .22 Long Rifle, risasi ndogo ya baruti na bunduki yake. Hii ipo tangu 1887 na bado haijapata mpinzani kwa kazi za nyumbani, risasi zake ni za bei nafuu kuliko karibu zote, mtikiso hamna, na unaweza kununua zile za polepole zisizovuka spidi ya sauti, kama mita 320 kwa sekunde, ambazo hazitoi ule mlio wa mjeledi. Ukiisetia skopu mita 50, kwenye mita 100 risasi imeshuka sentimita 15 au zaidi, kwa hiyo mi naihesabu ni bunduki ya mita 70. Ila msikilize mtu aliyetetemeka, hii ndo inayoongoza kwa kudunda. Ni risasi laini, yenye ncha ya mviringo, ya polepole, ikigonga jiwe au ardhi kavu kwa pembe ndogo haivunjiki, inaruka. Niliwahi kumpiga panya aliyekuwa juu ya mawe, nikasikia ule mluzi unaondoka kwenda nisikokujua, nikakaa chini dakika nzima. Na ikiruhusiwa kwenda, inafika zaidi ya kilomita na nusu. Ndo maana ukikaa juu ukalenga chini udongo unakuwa ukuta wako, ila kunguru aliye kwenye tawi na mbingu nyuma yake, yule humpigi na .22, kwisha.

Kuna .17 HMR iliyotoka 2002, hii ni nyembamba kuliko .22 lakini inakimbia zaidi ya mita 750 kwa sekunde, na kwa spidi hiyo kirisasi kinapasuka vipande kikigusa kitu, so kudunda kunapungua (sijasema kunaisha). Inafika mita 150 vizuri, upepo ndo adui yake. Inapiga kelele na inaharibu nyama, ukitaka kumla sungura piga kichwa. Kama una shamba wazi ichukue. .22 Magnum ya 1959 ina nguvu mara mbili ya .22 ya kawaida au zaidi, mi ningeiweka kwa mnyama mkubwa kidogo kama mbweha, kwa panya ni kujitafutia hasara. .223, ile ya bunduki kubwa yenye kasi zaidi, karibu na nyumba sahau.

Mtambo wenyewe, chukua ya bolti, ile unayovuta kwa mkono kuingiza kila risasi. Otomatiki tamu, ila nyingi zinakwama na zile risasi za polepole kwa sababu hazina nguvu ya kusukuma mtambo, na mtu mwenye risasi kumi mkononi huwa halengi ya kwanza. Mtutu wa sentimita 40 mpaka 50 unatosha, mrefu unakusumbua tu mlangoni. Hakikisha kitako kinakufaa, ukiweka shavu jicho liwe tayari kwenye skopu bila kunyoosha shingo. Skopu ya kukuza mara 4, au 3 mpaka 9, na iwe ya rimfaya (hizi bunduki ndogo za .22 na .17), yaani imewekwa sawa kwa mita 50, zile za bunduki kubwa zimewekwa kwa mita 100 na karibu zinakudanganya kidogo.

Usinunue risasi katoni nzima siku ya kwanza. Chukua pakiti za 50 za aina nne tano tofauti, weka karatasi mita 50, piga tano tano ukiwa umeegemea mfuko wa mchanga, utashangaa bunduki ile ile aina moja inaweka zote ndani ya sarafu na nyingine inazitawanya kama kiganja. Ile iliyopenda ndo ununue nyingi, na ukibadilisha aina, seti skopu upya.