Somo: Kompyuta ya sebuleni kwa ajili ya TV, kuanzia kuchagua mashine hadi kukaa kochini

Wakuu, salaam. Somo hili ni la yule mwenye TV nzuri ukutani na diski iliyojaa filamu, video za harusi na mahubiri, lakini kila akitaka kutazama anahamisha faili kwenye flashi, anachomeka, halafu TV inamwambia faili haifunguki. Tutaandaa kompyuta ndogo ya kukaa chini ya TV, inayowaka yenyewe na kuendeshwa kwa rimoti, ili hata mama mkwe akija aitumie bila kukuita.

Nianze na la kuwakatisha tamaa baadhi yenu. Kama unachotazama ni Netflix peke yake, acha, nunua kile kidude cha kuchomeka kwenye HDMI. Netflix haitoi 4K kwenye Linux (mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows), na kwenye Windows ina masharti yake. Kompyuta ya sebuleni ni ya mtu mwenye mafaili yake.

Hatua ya 1: Nunua kizazi, usinunue jina

Hapa ndipo hela nyingi hupotea. Ukiingia duka la kompyuta za mtumba, Kariakoo au Luthuli Avenue kule Nairobi, cha kwanza utaambiwa "hii i7, bosi", yaani prosesa ya Intel ya daraja la juu. Usibabaike. Video haifunguliwi kwa misuli ya prosesa, inafunguliwa na kipande maalumu kilichomo kwenye chipu ya picha, na kipande hicho ama kinaijua aina ya video au hakiijui.

Faili nyingi za siku hizi zimebanwa kwa HEVC, njia ya kupunguza ukubwa wa video, ya biti 10 (biti zikizidi, rangi zinakuwa laini zaidi). Intel ya kizazi cha 4 haina kabisa kipande cha HEVC. Kizazi cha 6 kinaifungua vizuri ile ya biti 8. Kuanzia kizazi cha 7, ambacho kompyuta zake za mezani zilitoka mwanzoni mwa 2017, biti 10 inafunguka hadi 4K, pamoja na VP9, njia nyingine ya kubana inayotumiwa na YouTube. Kwa hiyo i3 ya kizazi cha 7 itaonyesha filamu ya 4K huku feni imetulia, wakati i7 ya kizazi cha 4 inahema na picha inakwama.

Kizazi kinasomwa kwenye namba: i5-7500T ni cha 7, i5-10500T ni cha 10. Ile T ya mwisho ni toleo linalokula umeme kidogo, wati 35, na ndilo utakalolikuta kwenye vile vikompyuta vidogo vya ofisini: OptiPlex Micro ya Dell, EliteDesk Mini ya HP, ThinkCentre Tiny ya Lenovo. Mimi ningechukua kimojawapo cha hivyo kuliko kuunga kasha, ubao na pawa saplai kimoja kimoja. Havina kelele, vina umbo la kitabu kinene, na spea zake zipo. Ukitaka kipya cha dukani, tafuta chenye Intel N100. Hicho kinafungua hata AV1, njia mpya zaidi ya kubana video.

Kabla ya kulipa, mashine iwashwe mbele yako. Ingia BIOS (mipangilio ya mashine yenyewe kabla ya mfumo kuwaka), ikidai nenosiri ambalo muuzaji halijui, irudishe mezani. Angalia na adapta ya umeme: Dell ikichomekewa adapta isiyoitambua hulalamika kwenye skrini na kupunguza kasi ya prosesa, na utadhani umeuziwa mashine mbovu. RAM ya GB 4 inatosha kwa filamu, GB 8 kama kuna atakayefungua intaneti.

Hatua ya 2: Diski

SSD (diski ya kasi isiyozunguka) ndogo kwa ajili ya mfumo, diski kubwa ya nje kwa ajili ya filamu. Hesabu yake ni hii: filamu ya Full HD ya megabiti 8 kwa sekunde ni megabaiti moja kila sekunde. Saa mbili ni GB 7 na kidogo. Diski ya TB 2 inabeba kama filamu 270 za aina hiyo. DVD za harusi zilizoanza kukwaruzika, zihamishe sasa kwa programu ya MakeMKV kabla hazijagoma.

Hatua ya 3: Mfumo

Windows 10 iliachwa rasmi tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizikubali rasmi mashine za kizazi cha 7. Kwetu hilo si tatizo. Weka LibreELEC, mfumo mdogo wa Linux uliotengenezwa kwa ajili ya Kodi, programu ya kutazama filamu kwenye TV: pakua, andika kwenye flashi, washa mashine kwa flashi hiyo, sakinisha. Itafuta kila kitu kwenye SSD, kwa hiyo diski ya filamu usiichomeke kwanza. Ikishawaka, moja kwa moja unakuta Kodi, haina dawati wala vikumbusho vya masasisho. Kodi yenyewe inakuja tupu, filamu unaleta wewe. LibreELEC haina kivinjari. Anayekihitaji aweke Linux Mint, kisha Kodi juu yake.

Hatua ya 4: Kuelewana na TV

Tundu la HDMI la mashine za ofisini za umri huu mara nyingi ni toleo la 1.4, linalotoa 4K kwa picha 30 tu kwa sekunde. Filamu ni picha 24, haidhuriki. Wa mpira na picha 60 atumie tundu la DisplayPort na adapta ya kuligeuza kuwa HDMI yenye chipu ndani, si zile za bei rahisi.

Halafu kuna jambo ambalo wengi huishi nalo bila kujua. Tazama tukio ambalo kamera inapita taratibu mbele ya nyumba. Ukiona kuta zinarukaruka, TV yako imekaa kwenye picha 60 kwa sekunde na filamu ni 24. Hazigawanyiki, hivyo picha moja inaonyeshwa mara mbili, inayofuata mara tatu. Kwenye mipangilio ya Kodi, upande wa video, iambie ibadilishe kasi ya skrini filamu inapoanza na inapoisha. TV itakuwa nyeusi kwa sekunde moja au mbili, kisha picha inateleza.

Kama kingo za skrini zimekatwa, kosa ni la TV. Tafuta ukubwa wa picha kwenye menyu yake. LG huuita Just Scan.

Hatua ya 5: Umeme

Kwenye BIOS ya Dell kuna mahali pameandikwa AC Recovery. Weka iwake umeme unaporudi, maana tunajua unavyokatika. UPS (betri ya kushikilia umeme ukikatika) ndogo inaiokoa diski isizimwe ikiwa inaandika. Kuhusu luku msihofu: wati 15 kwa saa tano kila siku ni uniti 2 na robo kwa mwezi.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, nina desktop ya i7 kizazi cha 4 imekaa tu. Niitupe?*

Usiitupe. Filamu za kawaida za H.264, njia ya zamani ya kubana video, itacheza bila shida, na HEVC ya Full HD itajikongoja nayo. Ya 4K usiiombe.

*Nimeunga sabufa. Muziki na risasi vinasikika mpaka kwa jirani, ila watu wakiongea wako mbali. Sabufa mbovu?*

Sabufa nzima. Filamu ina sauti ya chaneli sita, na maneno mengi yako kwenye spika ya katikati ambayo wewe huna. Nenda mipangilio ya sauti, idadi ya chaneli weka 2.0, na ule upitishaji wa sauti ghafi (passthrough) uuzime. Maneno yatarudi mbele.

*Kaka, bongo movie zangu hazionyeshi picha ya kava, za nje zote zimekaa vizuri.*

Kodi inachukua taarifa kutoka TMDB, hifadhi ya mtandaoni ya taarifa za filamu, na filamu zetu nyingi hazimo. Kila filamu iwe na folda yake, jina na mwaka kwenye mabano. Ya nje itajipata. Yetu iwekee picha ndani ya folda, uipe jina poster.jpg. Ukiwa na muda, jisajili TMDB bure uiingize mwenyewe, na wengine watafaidika.

*Rimoti yangu ya kipokezi cha USB inakwama nikichomeka diski. Nikiitoa diski, inapona.*

USB 3 inapiga kelele kwenye masafa yale yale ya GHz 2.4 ambayo rimoti inatumia. Kipokezi kitoe nyuma, kiwekee ekstensheni fupi ya USB, kikae mbele ya TV mbali na diski. Au tumia simu na programu ya Kore, inayoigeuza simu kuwa rimoti ya Kodi.

*Niko Mombasa, nina antena juu ya paa. Naweza kurekodi taarifa ya habari?*

Ndiyo. Nunua kipokezi cha USB cha DVB-T2, mfumo wa dijitali wa matangazo ya antena. Kikiwa cha DVB-T peke yake hakitashika kitu. Hakikisha kinatambuliwa na Linux, kisha weka Tvheadend, programu ya kupokea na kurekodi chaneli, ndani ya LibreELEC na uunganishe na Kodi. Chaneli za bure utazirekodi kwa ratiba. Zilizofungwa kwa kadi zitabaki kwenye king'amuzi chako.