Kupinga Thamani ya Nyumba Inayotozwa Kodi Texas
Mwenye nyumba anayeona kwamba ofisi ya uthamini ya kaunti imeipa nyumba yake thamani iliyozidi anapaswa kuwasilisha pingamizi kufikia tarehe 15 Mei, au ndani ya siku 30 tangu notisi ya thamani hiyo ilipotumwa, ikiwa muda huo unaishia baadaye. Kwenye fomu, ni busara kutaja sababu mbili: thamani imezidi bei ya soko, na hailingani na ya nyumba zinazofanana nayo. Nguvu ya shauri ni ushahidi, yaani bei za nyumba za jirani zilizouzwa karibu na tarehe 1 Januari (siku ambayo thamani ya mwaka hupimwa), picha za nyufa au paa linalovuja, na makadirio ya fundi. Kulalamika kwamba kodi ni kubwa hakusaidii, kwa kuwa bodi ya mapitio, yaani jopo linalosikiliza pingamizi, huamua thamani, si kiwango cha kodi.