Mjakaranda ukianguka, usikimbilie mkrismasi

Mjakaranda wetu hapa Mbeya ulipoangushwa na upepo, nilitamani kuweka mkrismasi, ule wa maua mekundu. Jamani, ule ni mti wa joto. Baridi ya Juni na Julai huunguza machipukizi yake. Nikarudia mjakaranda, ambao huku huchanua mwishoni mwa kiangazi, matawi yakiwa karibu matupu, zambarau tupu.

Kabla ya kulipia mche, mwombe muuzaji akuonyeshe kitako cha kiriba, ule mfuko wa mche. Mizizi ikiwa imejizungusha kama kata ya kubebea ndoo, uache. Mti wa namna hiyo haushiki ardhi vizuri, na upepo utaurudia. Usipande kwenye shimo la kisiki. Sogea hatua nne, tano, mbali na ukuta na karo la choo. Subiri mvua za Desemba zikolee.