Kijumba cha kiangazi Finland: kukigeuza nyumba ya mwaka mzima

Nyie wenye mökki (ndo hicho kijumba cha kiangazi) mnaotaka kuhamia jumla na watoto, anzeni manispaa kabla hata ya kununua msumari, maana kwenye makaratasi kile ni cha mapumziko na kukifanya makazi lazima kibali, na ukiwa kando ya ziwa ndo wanabana zaidi.

Maji sasa, hapo ndo hela inapoishia. Bomba la kiangazi linalazwa juujuu tu, baridi ikigonga -25 linapasuka, so lifukie chini kabisa ambako ardhi haigandi au lizungushie waya wa kupasha moto, hasa pale linapopanda kuingia sakafuni. Sakafu nayo inama uichungulie kwa chini, nyingi zimekalia mawe ya kona na upepo unapita, jaza insulesheni (vitu vya kuzuia baridi) kati ya maboriti ila upepo usiuzibe, mbao zitaoza. Ukutani nailoni ya kuzuia mvuke inakaa upande wa ndani wenye joto, fundi akibisha tafuta mwingine. Pampu ya joto (mashine ya umeme inayovuta joto kutoka nje kuingiza ndani) funga, ila jiko la kuni usiling'oe aisee, umeme ukikatika Januari utaniambia.

Shule ya msingi ikizidi kilomita 5 usafiri wa mtoto bure, ila ulizia nani anazoa theluji hiyo njia yenu.