Kunakili "Maono ya Mtakatifu Antoni wa Padua" ya Murillo: nuru isigeuke chokaa

Juzi nilikaa na kijana wa jumuiya yetu aliyetaka kuinakili picha hii kwa sikukuu ya msimamizi wetu, Mtakatifu Antoni, tarehe 13 Juni. Alikwama palepale nilipokwama mimi zamani: kwenye nuru.

1. Ijue picha kwanza. Bartolomé Esteban Murillo aliichora mwaka 1656 kwa ajili ya Kanisa Kuu la Sevilla, Hispania, na bado imo humo. Kimo chake kinazidi mita 5. Antoni amepiga magoti, mikono ameifungua. Mtoto Yesu anamshukia kati ya malaika. Mwaka 1874 wezi walimkata Antoni kwenye turubai. Akapatikana New York, akarudishwa na kuunganishwa upya.

2. Chora kwa mkaa. Nafasi iliyo kati ya Mtoto na mikono ya mtakatifu usiijaze kitu. Maono yenyewe yako hapo: anapokea ambacho bado hajakigusa.

3. Nuru. Tumia rangi za mafuta tu. Akriliki hukauka upesi mno, na hapa kingo za mawingu zinatakiwa zibaki mbichi ili uzilainishe. Mimi nilipoteza siku tatu nikiongeza nyeupe juu ya nyeupe, na Mtoto akazidi kuonekana amesimama mbele ya ukuta uliopakwa chokaa. Nuru hailetwi na nyeupe, inaletwa na giza lililoizunguka. Kwa hiyo paka turubai nzima kahawia, iache ikauke kabisa (ukiwahi, rangi zitachanganyika ziwe tope). Kisha anza na manjano ya udongo, nyembamba, ukitoka katikati kwenda nje. Nyeupe iwe ya mwisho, kidogo sana, karibu na mwili wa Mtoto. Kingo zifute kwa kitambaa kikavu au kidole. Brashi huacha mistari. Angalia pia ule mlango ulio wazi kuelekea uani: mwanga wake ni wa mchana wa kawaida, uufanye hafifu, usishindane na ule wa mbinguni. Kila nusu saa rudi nyuma hatua kumi, finya macho kidogo. Jicho likienda mlangoni kwanza, punguza.

4. Uso na mikono ya Antoni. Upande unaoelekea juu upate manjano ileile ya mawingu.

5. Malizia mayungiyungi ya mezani. Vanishi isubiri miezi 6.